Tumbo la Dada

Jumatatu, 3 Machi

Amepata yeye.

Bahasha mbili mezani kwa Daktari, zimefanana kama tulivyofanana sisi. Dada kachukua ya kulia. Mimi nikabakiwa na ya kushoto. Yake imeandikwa ATAPANDIKIZWA. Yangu ATALINGANISHWA. Basi! Neno moja moja, na kila mtu kapewa lake.

Nimetabasamu, meno yote thelathini na mawili nje. Nimemkumbatia hadi kalalamika namvunja mbavu.

Naandika humu kwa sababu sina wa kumwambia. Tangazo nililiona mimi! Nililikata gazetini kwa mkasi wangu wa kazi — wanatafutwa mapacha wa kufanana, watu wazima, wenye afya. Dada hakutaka. Eti tumbo lake halina ugomvi na mtu. Nikambembeleza wiki mbili nzima. Nikamweleza kama Daktari alivyonieleza kwenye simu: ardhi inachoka, mvua haitabiriki, watu tunaongezeka, na kila mavuno tunatupa mashina, maganda na majani kwa sababu tumbo la mtu haliwezi kuyavunja. Tumeihangaisha ardhi miaka yote ilifuate tumbo. Sasa tumbo nalo liifuate ardhi. Wanaotesha kifuko kutokana na chembe za mwili wako mwenyewe, wanakishona mwanzoni mwa utumbo mpana, wanakitia vijidudu vya kusaga majani. Ukipona, unakula kile ambacho shamba linacho tele.

Nilipoambiwa hayo nilijiona. Mimi. Si yeye.

Kanitangulia kuzaliwa kwa dakika kumi na moja, na tangu siku hiyo hajapumzika kunitangulia.

Nimerudi dukani. Nimeshona zipu ya sketi ya mteja nje-ndani. Nimeifumua. Nimeishona tena vilevile!

Jumatano, 12 Machi

Mama kaambiwa leo. Kaweka sufuria chini, kaweka na mwiko, ndipo akaanza.

"Mimi sikuzaa mbuzi!"

Kasema tulimkalia tumboni wawili akashindwa kulala miezi mitatu, katusomesha kwa kupiga deki shule za watu, na leo mmoja anakwenda kutiwa tumbo la ng'ombe kwa hiari yake. Katia chumvi mara mbili kwenye maharage kwa hasira. Tumeyala hivyohivyo.

Dada kamsubiri amalize. Kisha kamuuliza kama anaukumbuka ule mwaka wa ukame, tulipokuwa na miaka tisa. Alikuwa akituambia ameshakula kazini. Sote wawili tulijua hajala.

Mama kamshika Dada mkono.

Ule mwaka hata mimi nilikuwepo. Njaa hiyo hiyo, mkeka huo huo. Lakini hilo la kumuuliza Mama kalisema Dada, na mkono kashikwa Dada.

Jumatatu, 24 Machi

Wamemfanyia. Saa tano nzima kwenye meza ya upasuaji. Katoka salama.

Nimeruhusiwa kuuona mshono walipokuwa wanabadilisha bendeji. Mimi fundi cherehani, siwezi kutazama mshono bila kuukagua. Sijaona kasoro. Nukta zote zinalingana, hakuna palipovutwa. Nimeona wivu hata wa mshono!

Kituoni kwa Daktari hatuna majina. Nesi anamwita Dada Saba A. Mimi Saba B. Kazi yangu ni kula chakula cha kawaida, kupimwa kila Alhamisi, na kuwa vile Dada angekuwa kama asingefanywa kitu. Hivyo ndivyo Daktari alivyonieleza, na kanieleza kwa upole, miwani yake kichwani kama kawaida. Nikauliza vidonge je? Maana tumepewa sote, chupa mbili zinazofanana, viwili kwa siku. Kasema vya Dada vina vijidudu vinavyolisha kifuko. Vyangu ni unga wa mchele, ili ratiba zetu zifanane.

"Chako hakina kitu," kasema.

Nimekwenda msalani nikasimama mbele ya kioo. Sura ile ile. Haina kitu.

Ijumaa, 11 Aprili

Dada karudi nyumbani wiki hii. Nyumba imekuwa zizi, na wote wanafurahi!

Majani ya maharage, mashina machanga ya mahindi, maganda ya njegere. Yanakatwakatwa, yanalowekwa, yanatafunwa. Kutafuna kwenyewe! Saa moja na nusu kwa mlo. Meno ya nyuma wamemvisha vifuniko yasisagike. Anakaa dirishani, taya zinakwenda taratibu, macho yako mbali — nikimtazama najikuta nami natafuna, na mdomoni sina kitu.

Na gesi. Mungu wangu. Jana kacheua mbele ya mteja aliyekuja kujaribu suti. Harufu ya shamba lililonyeshewa. Mteja kacheka hadi pini zikamchoma.

Fundi viatu wa jirani, ambaye miaka miwili ananiletea chai saa nne kamili, leo kaja na kikombe kimoja na fungu la majani. Kikombe changu, majani ya Dada. Kakaa naye. Kamuuliza maswali. Ladha ikoje? Usingizi je? Chai yangu imepoa nikiwatazama. Mimi kwa miaka miwili hajaniuliza ladha ya kitu chochote.

Jumanne, 29 Aprili

Tangu tukiwa wasichana nakata nguo zetu kwa kipimo kimoja. Sijawahi kumpima Dada. Najipima mimi, nakata mbili. Leo nimemshonea gauni, halikufunga. Nimelazimika kuleta utepe. Kiuno kimezidi changu kwa inchi nne na nusu.

Nimeandika vipimo vyake kwenye ukurasa mpya wa daftari la wateja.

Watu wanampa hongera ya mimba! Anawaambia ni mimba ya majani, wanacheka wote. Lakini kanawiri. Ngozi imemng'aa, mabega yamenyooka. Amebeba jora zima la kitambaa la kilo ishirini kutoka barabarani hadi dukani, hakuhema.

Na Mama — yule yule wa "sikuzaa mbuzi" — siku hizi anaamka mapema kwenda kumkatia Dada majani kwenye mashamba ya ng'ambo ya reli. Anachagua laini. Anarudi na fungu kichwani, umande unamchuruzika shingoni, anaimba. Chai ninajichemshia mwenyewe.

Mchana Dada kaniambia jambo. Kaweka bakuli chini, kasema kwa sauti ndogo, kama anayeona haya: "Mdogo wangu, unajua? Nimeshiba. Si leo tu. Kila siku. Tangu ule mwaka sikuwahi kula nikaacha kuwaza mlo unaofuata. Sasa siwazi."

Nimemwambia nimefurahi.

Nilitoka nikaenda kukata kitambaa. Nimekata vibaya mita mbili.

Jumatano, 7 Mei

Nimefanya jambo.

Mama kaenda ng'ambo ya reli, Dada kaenda kliniki. Nimetoa chupa mbili kwenye friji. Nimevimwaga vidonge mezani, vyake huku, vyangu huku. Vinafanana kama vifungo vya shati moja. Vyake nimevitia chupa B. Vyangu chupa A.

Dakika mbili. Haikuchukua zaidi.

Hatadhurika. Nimelifikiria. Vijidudu vyake vimeshaota, vimeshazoea. Mbegu ikishaota huendi kuipanda upya kila asubuhi. Nataka tu kuwa nacho na mimi kitu ndani. Wiki mbili tatu tu, nione. Nitarudisha.

Nimekunywa viwili na maji. Havina ladha.

Jumamosi, 17 Mei

Nimekula majani. Nyuma ya pazia la kujaribia nguo, nimechuchumaa na mfuko wa Mama. Taya zimeniuma hadi masikioni. Kisha nimeharisha siku mbili! Bila kifuko, majani kwangu ni ufagio tu — yanaingia, yanafagia, yanatoka.

Lakini jana nimecheua, na ilikuwa ile harufu. Ile ile ya shamba. Fundi viatu kainua uso kutoka kwenye soli, kasema sasa nyie mapacha hata pumzi mnaazimana.

Jamani, nilivyofurahi! Nimeona haya kuandika, lakini nimefurahi kutwa.

Jumatatu, 26 Mei

Dada kaacha bakuli nusu. Kasema mashina siku hizi magumu. Mama kaenda mara ya pili kumtafutia laini zaidi.

Tumbo lake limekaza. Si kubwa kuliko lilivyokuwa; gumu. Ananiomba nimlegezee gauni ubavuni. Nimelegeza.

Chupa zinakwisha wiki ijayo. Zikija mpya sitazigusa. Naapa. Nimeapa kwa mdomo, peke yangu, mbele ya cherehani.

Jumatano, 4 Juni

Zimekuja chupa mpya.

Ningetimiza. Nilikuwa nimeshaziweka kwenye friji, A juu, B chini, nimefunga mlango. Lakini mwandishi wa jarida, yule aliyekuja na mpiga picha mwezi uliopita, katuma nakala. Picha ukurasa mzima. Dada kaketi kwenye kiti changu, mbele ya cherehani yangu, ndani ya gauni nililoshona mimi, kainua jani kama anatoa hotuba. Tulipiga wawili! Nilisimama kushoto kwake, mkono begani. Wamekata. Kimebaki kiwiko.

Kiwiko!

Mama kaibandika ukutani, juu ya meza ya chakula. Kapapasa karatasi kwa kiganja. Kasema: "Mwanangu huyu." Nikamuuliza na hicho kiwiko ni cha nani? Kacheka. Kadhani natania.

Nimefungua friji.

Alhamisi, 12 Juni



Jumanne asubuhi Dada alikuwa ananyoosha mikunjo ya suruali ya mteja. Kaweka pasi chini, kasema "subiri," kisha kapiga magoti. Sauti aliyoitoa sijawahi kuisikia kwake, na mimi nimeisikia sauti yake kabla sijaiona sura yake. Pasi imeunguza suruali. Fundi viatu na mimi tumembeba hadi garini. Tumbo lilikuwa kama ngoma, ukiligusa analia.

Yupo Kituoni. Wamemwingiza mrija. Kifuko kimevimba, majani yameoza ndani badala ya kusagika. Daktari haelewi. Ananiuliza mimi! Anakunywa vidonge? Anakunywa vyote? Nimesema ndiyo, anakunywa, namwona kila asubuhi kwa macho yangu.

Hilo ni kweli. Nimechagua neno la kweli, nikajificha nyuma yake.

Mama anasema ni jicho la watu. Eti kasifiwa mno, picha imetembea mno, kuna mtu kamtazama vibaya. Anasema hivyo huku kaniegemea begani. Kikulacho ki nguoni mwako, Mama. Kimekuegemeza.

Jumapili, 15 Juni

Homa imeshuka. Kanywa maji ya mchele. Kaniomba nimsuke, nimemsuka. Nywele zake na zangu zinajizungusha mahali pamoja, nyuma kidogo ya sikio la kulia. Nimekaa na kitana mkononi nikitaka kusema. Nimesema mlango huu unaingiza baridi. Nimeufunga.

Jumatatu, 16 Juni

Daktari kaja na makaratasi, Nesi nyuma yake. Mimi nilikuwa kando ya dirisha.

Wamepima. Ndani ya kifuko vijidudu vimekufa karibu vyote. Kasema hilo halitokei kwa mtu anayekunywa dawa. Kavuta kiti. Kamuuliza Dada, bila ukali, miwani safari hii iko machoni: vidonge ulivifanyaje?

Dada kanitazama. Si sana. Kama mtu anavyotazama saa.

"Nilikuwa navitupa," kasema. "Nilichoka."

Daktari kauliza tangu lini, Dada kasema tangu mwanzo wa Mei. Kakisia sawasawa! Kwa nini? Kasema alichoka kutafuna, alichoka kunuka, alitaka kula mkate kama watu. Kasema vizuri mno. Nesi kaandika.

Daktari kavua miwani. Kasema kifuko kingeweza kuokolewa, kijazwe vijidudu upya, lakini ni mwezi mzima wa uaminifu kila siku, na anayetupa dawa hawezi kupewa nafasi hiyo tena. Ni kanuni. Kitatolewa kesho saa nane mchana.

Kisha kanigeukia.

Kasema mwili wangu na wa Dada ni mmoja kwa vipimo vyote. Kifuko hakijafa. Kikitolewa kwake kinaweza kushonwa kwangu siku hiyo hiyo na mwili wangu hautakikataa. Kazi ya miaka isipotee. Nifikirie, wala nisiharakishe.

Wametoka. Nimebaki na Dada.

Nimemuuliza, ulijua?

Kasema alianza kunusa pumzi yangu. Alidhani naonja majani tu, kwa uchu, akacheka moyoni. Halafu tumbo lilipokaza sana akakipasua kidonge kimoja kwa meno. Unga. Hiyo ni Jumatatu ya wiki iliyopita. Kesho yake akaanguka.

Kwa nini hukusema, nimemuuliza. Mbona unajitwika kosa lisilo lako?

"Ningesema, wangekutoa na wewe, na kesi juu. Mama angebaki na nani wa kumtazama usoni?" Kafunga macho. "Halafu ulikitaka wewe. Mimi ulinikokota. Chukua. Nimeshiba miezi miwili, watu wangapi wameshiba miezi miwili?"

Nilitakiwa kulia. Najua mtu mwingine angelia, angepiga magoti. Mimi kitu cha kwanza nilichokisikia kifuani, kabla ya aibu, kabla ya huruma, kilikuwa kile kile. Wivu! Kwamba hata hapa, na mrija puani, kanishinda. Kawa mwema kuliko mimi, na kalifanya hilo kama mtu anayempisha mwenzake mlangoni.

Nimetoka.

Jumanne, 17 Juni

Saa saba na robo mchana. Benchi la korido, ghorofa ya pili. Fomu iko mapajani, chini ya daftari hili. Kurasa nne. Wameweka alama ya msalaba mahali pa sahihi.

Dada wameshamwandaa. Kapitishwa hapa kwenye kitanda cha magurudumu, kofia ya karatasi kichwani. Kanikonyeza. Ndiyo, kanikonyeza! Mdomo umemkauka lakini jicho limecheza. Nesi kasema hata tumbo likiwa tupu huyu utani haumwishi.

Mama yuko pembeni yangu na chupa ya chai asiyoinywa. Hajui. Anajua hadithi ya Dada tu, na tangu jana hajasema naye zaidi ya maneno kumi. Kasikitika. Kaona mtoto kapewa bahati kaitupa jalalani. Muda mfupi uliopita kanipapasa goti, kasema:

"Angalau kitabaki kwako. Usiogope. Njia ya ng'ambo ya reli nimeizoea, nitakukatia wewe sasa. Wewe hutaniangusha."

Hutaniangusha. Miaka thelathini na minne nimeingoja sentensi hiyo. Nimeisikia ikipita sikioni na haikusimama popote.

Nimejaribu kufikiri kama fundi. Kitambaa kimoja, wateja wawili. Ukishakata huwezi kuunga bila alama. Saa nane watakata. Nikisema kabla, wanaweza kukiacha kilipo, kukijaza upya, na Dada ataamka akiwa nacho. Mimi nitatoka hapa bila kitu, si kifuko, si Kituo, pengine si dada, pengine si Mama. Nikinyamaza, jioni nitaamka nikiwa na kila nilichokitaka, na mshono mzuri juu yake.

Na nakitaka bado! Nisijidanganye humu, humu hakuna wa kumdanganya. Nakitaka hata sasa hivi.

Saa saba na nusu. Daktari katoka kwenye mlango wa vioo, mikono tayari ameiosha, ameiinua mbele yake asiguse kitu. Kauliza kama nimesoma. Nimesema nimesoma. Kauliza kama nina swali.

Nimesema: "Kaa kidogo, Daktari."

Kasema hana muda. Nimesema kaa. Sauti imetoka kubwa, Mama kageuka. Daktari kaniangalia, kisha kakaa, kati yangu na Mama, mikono yake mitupu bado iko hewani. Nimewaomba wote wawili nimalize mstari huu. Mstari umekwisha. Wananitazama, na mimi bado naandika, kwa sababu nikiweka kalamu chini itabidi —